Ameachia nini, breki?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naandika makala kuhusu The Expanding Universe, albamu isiyojulikana sana ambayo Mmarekani Laurie Spiegel aliiachia mwaka 1980. Kwa Kiswahili niseme "Ulimwengu Unaopanuka" au "Unaotanuka"? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Unaotanuka. Kupanuka kumetokana na -pana, na kinachopanuka huongezeka upana: barabara, mto, kiuno changu. Ulimwengu hukua kila upande, kama chuma kinachopata moto, na darasani tulifundishwa kuwa chuma hutanuka. Najua Dar es Salaam kutanua ni kuchomekea pembeni mwa foleni. Usijali, galaksi hazipandi daladala.

Hilo limekwisha. Sasa njoo hapa kwenye "aliiachia", ulilolipitisha kimyakimya ukidhani sitaliona.

Kuachia ni kulegeza ulichokishika. Unaachia kamba, unaachia usukani. Juzi, wembe ukiwa shingoni mwangu, kinyozi alisikia redio akapiga kelele: "Mzee, jamaa ameachia!" Nikamuuliza, ameachia nini, breki? Akacheka hadi mkono ukamtetemeka, na wembe, kwa bahati mbaya, hakuuachia.

Huyo Spiegel alitengeneza muziki huo miaka ya 1970 huko Bell Labs, maabara ya utafiti iliyoko New Jersey, Marekani, kwa GROOVE, mfumo ambao kompyuta ya kujaza chumba iliongoza mitambo ya sauti. Kibao kilichobeba jina la albamu kinakula upande mzima wa pili wa santuri, karibu dakika 28, sauti zikigeuka taratibu kama kivuli cha mwembe. Kisikilize mpaka mwisho. Mama yule hakuachia kitu hata sekunde moja!

Mwembe hutoa maembe, mwandishi hutoa kitabu, mwanamuziki hutoa albamu. Sijui kutoa kumewakosea nini watangazaji wetu. Vijana wa kijiweni nawasamehe wakisema fulani ameachia ngoma, maana nyingine ukizisikiliza unaona kweli zimemponyoka. Ila wewe unaandika makala: andika "alitoa".

Na kama kitenzi acha unakipenda kiasi hicho, mtafutie mwanaastronomia Edwin Hubble aya moja. Mwaka 1929 alionyesha kwamba galaksi, kadiri zilivyo mbali nasi, ndivyo zinavyozidi kwenda kasi kututoroka. Hizo andika zinaachana, wala sitakugusa.