Mwenzetu anahudhuria kikao kwa roboti: yupo au hayupo?

SWALI: Mhariri, mwenzetu mmoja kazini amehamia mbali, naye huhudhuria vikao kupitia roboti yenye magurudumu na skrini inayoonyesha uso wake. Twahisi yupo nasi kuliko alipokuwa akipiga simu ya video, lakini baada ya muda mazungumzo hupwaya. Sababu ni nini?

JIBU: Katika simu ya video, ninyi ndio mlioamua mwenzenu aone nini, kwa kuwa kamera ilikaa pale mlipoiweka. Kwa roboti, yeye mwenyewe humgeukia anayesema, hujisogeza hadi dirishani, na kikao kikiisha hubaki nyuma kupiga soga na aliyechelewa kutoka. Mtu anayechukua nafasi chumbani, ambaye hata njia hamna budi kumpisha, si rahisi kumsahau.

Kupwaya kunatokana zaidi na wakati. Watu wanaozungumza ana kwa ana hupokezana zamu kwa kasi ya ajabu: pengo kati ya mmoja kunyamaza na mwingine kuanza kwa kawaida ni kama milisekunde 200 tu, yaani sehemu moja ya tano ya sekunde. Sauti ikikawia kwenye intaneti hata kwa nusu sekunde, mwenzenu atawakatiza wengine bila kukusudia, au ataikosa zamu yake kila mara, na ninyi mtamdhania mzito wa kufikiri ilhali kosa si lake. Tena kamera huwa juu ya skrini, hivyo anapowatazama nyuso zenu kwenye kompyuta yake, kwenu huonekana ameinamisha macho.

Ningekuwa ninyi, fedha ningezielekeza kwenye mtandao imara na maikrofoni nzuri kabla ya kuwazia skrini kubwa. Uso wenyewe si sharti: roboti ndogo iitwayo AV1, iliyobuniwa Norwei kwa ajili ya watoto ambao ugonjwa umewazuia kwenda shule, haionyeshi kabisa uso wa mtoto, bali ina kichwa kinachogeuka na macho ya taa, na mtoto husikia, huona na kusema kupitia kwayo. (Kwa mgonjwa asiyependa kuonwa kitandani, nadhani hiyo ni nafuu kubwa.)

Jambo moja zaidi. Aliyezoea kuiendesha roboti huanza kuiona kama mwili wake. Ikikwama kizingitini, muulizeni mwenyewe kabla ya kuishika na kuisukuma.