Bakteria wa vidonda vya tumbo kwa mgonjwa wa ini anayechanganyikiwa

Tangu mama yangu agunduliwe kuwa na sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, wanaouguza ndugu zao huniuliza kama kutibu bakteria wa tumbo, Helicobacter pylori, kutamtuliza mgonjwa anayechanganyikiwa. Nawajibu kwamba apimwe, na akikutwa naye atibiwe, lakini kazi ya kila siku iko kwenye utumbo.

Bakteria huyu hujikinga na asidi ya tumbo kwa kimeng'enya kiitwacho urease, ambacho huvunja urea na kutoa amonia. Ini zima huigeuza amonia kuwa urea itokayo kwa mkojo. Ini lililojaa makovu huiacha ifike kwenye ubongo, na hapo mgonjwa hulala mchana, hukesha usiku na mikono yake hutetemeka. Hata hivyo, amonia nyingi hutoka utumboni, na tafiti kuhusu faida ya kumwondoa bakteria huyu kwa wagonjwa hawa zimepishana.

Kwa hiyo laktulosi, dawa ya kulainisha choo inayoondoa amonia utumboni, isiachwe wakati wa dozi ya kumtibu bakteria. Lengo ni choo laini mara 2 au 3 kwa siku. Antibayotiki zikileta kuhara, mpigieni daktari apunguze kipimo cha laktulosi, kwa sababu kupungukiwa maji nako huvuruga akili. Anayeandika dozi aambiwe mapema kuhusu ini, kwani kati ya antibiotiki za dozi hiyo, metronidazole huweza kuhitaji kupunguzwa, na clarithromycin hugongana na dawa nyingi. Omeprazole, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, nayo isiendelezwe kwa mazoea baada ya dozi kwisha: kwa wagonjwa wa sirosisi, matumizi yake ya muda mrefu yamehusishwa na maambukizi na hata na kuchanganyikiwa kwenyewe.

Ninalosisitiza zaidi ni kidonda. Bakteria huyu husababisha vidonda vya tumbo, na kidonda kikivuja, damu inayosagwa utumboni huzalisha amonia nyingi kwa muda mfupi. Choo cheusi kama lami, au matapishi yenye damu, ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo, hata kama mgonjwa anasema hajambo. Diclofenac na ibuprofen, ambazo wengi hununua dukani kwa ajili ya mgongo, zisiingie nyumbani kwa mgonjwa huyu. Na tafadhali msimnyime maharage, mayai wala dagaa kwa kuogopa protini. Misuli husaidia kuondoa amonia, na mgonjwa aliyekonda huchanganyikiwa kwa urahisi zaidi.