Mpira wa mkojo unatoka lini?

Mama alipopasuliwa nyonga tuliambiwa mpira wa mkojo utakaa siku mbili. Ulikaa tisa. Hakuna aliyeamua ubaki, uliachwa tu, nasi tukafurahi maana hatukuhangaika kumwinua usiku. Siku ya saba akaanza kutetemeka chini ya mablanketi mawili, joto la Dar la Februari hilo.

Akachomwa antibayotiki ya seftriaksoni siku tatu, homa palepale. Daktari akaagiza mkojo uoteshwe maabara, ijulikane ni kijidudu gani na dawa ipi inakiweza. Mimi nikawa namsumbua: "Mpe ya nguvu zaidi, tutalipa." Naona haya nikikumbuka. Karatasi ilirudi na jina la bakteria, Klebsiella, na karibu kila dawa imeandikiwa R, yaani haifui dafu. Meropenemu ndiyo ilikuwa na S, yaani inamuua. Bei yake ilituitishia kikao cha ukoo.

Huyo Klebsiella wengi wetu tunaye utumboni, wala hatusumbui. Mpira ndio unaompa njia ya kupanda hadi kwenye kibofu. Akishafika hujijengea utando wa utelezi juu ya plastiki, dawa ikawa inapenya kwa shida. Wapo wenye vimeng'enya vya kuikata dawa kabla haijafanya kazi, na ujuzi huo huwapa hata bakteria wa aina nyingine. Antibayotiki isiyo na sababu huua wanyonge, sugu wakabaki na uwanja mtupu. Na fangasi nao husubiri zamu: Candida auris, aliyetambuliwa Japani mwaka 2009, hudumu wiki kadhaa kwenye vyuma vya kitanda.

Kwa hiyo ukiuguza mtu, madaktari wakipita asubuhi uliza kwa adabu: mpira huu bado una kazi? Na kanula ya mkononi, ile ya kupitishia dawa kwenye mshipa? Mfuko wa mkojo uning'inie chini ya kibofu bila kugusa sakafu (mimi nilikuwa naulaza kitandani nikimgeuza mama, mkojo unarudi ulikotoka). Dawa ikitaka kuanza, uliza kama sampuli imeshachukuliwa. Mikono uioshe kabla ya kumgusa mgonjwa wako, si baada tu. Nilikuwa namnywesha uji bibi wa kitanda cha jirani, kisha namfuta mama jasho kwa mikono ileile.

Mwaka jana mjomba alilazwa. Niliuliza, nesi akatazama faili, mpira ukatoka kabla ya chakula cha mchana. Mjomba alinuna hadi jioni kwa kuamshwa kwenda chooni.