Krassner hakuwa mchekeshaji tu

Umeuliza kama Paul Krassner, yule mwandishi wa Marekani, alikuwa mchekeshaji tu. Hapana, ndugu. Mwaka 1958 alianzisha New York jarida la The Realist, la kejeli kali dhidi ya wakubwa wa Marekani. Lilidumu, kwa kusuasua, hadi 2001. Kwangu mimi kazi yake nzito ni ile ya 1962: alimhoji daktari aliyekuwa akitoa mimba kwa siri, bila kumtaja jina. Wanawake wakaanza kumpigia Krassner simu wakitafuta msaada, naye akawaelekeza kwa daktari huku sheria ikikataza kutoa mimba. Waendesha mashtaka walimwita, akagoma kusema lolote. Redioni alitangaza San Francisco mwanzoni mwa miaka ya 1970, akijiita Rumpelforeskin (jina la kulitamka tu ni kazi!). FBI walimwita kichaa. Tusi hilo akaliweka kwenye jalada la kitabu cha maisha yake.