Hifadhi ya bure kwa video za kwaya: ipi ina kero ndogo?

Dada wa Jinja, umeuliza ni hifadhi gani ya bure ya mtandaoni itakayowafikishia wanakwaya video zenu bila usumbufu. Google Drive inakupa GB 15, ila nafasi hiyo inagawanwa na barua pepe na picha zako. Ikijaa, hata barua haziingii. Dropbox ni GB 2 tu, kwa video ni kiduchu. Kinachoniudhi zaidi ni zile tovuti za kupakulia mafaili zinazokusubirisha: sekunde zinahesabiwa, vitufe bandia vya kupakua vimejaa kila upande, kasi inabanwa, na upakuaji ukikatika unaanza upya huku bando likiteketea. Kwa mwanakwaya aliyejinyima akanunua bando la siku, huo ni unyonyaji! Tumia Drive, punguza kwanza ukubwa wa video, na nakala halisi ibaki kwenye diski yako.