Kihisi laini cha mguso: angalia mchanganyiko na viungo vya waya kabla ya kuongeza kaboni

Kihisi cha silikoni na nanotyubu za kaboni (mirija midogo mno inayopitisha umeme) kikigoma, wengi hukimbilia kuongeza kaboni. Mara nyingi kaboni ilikuwa ya kutosha, ila imejikusanya kwenye mabonge. Kwa gramu 10 za PDMS (silikoni yenyewe, ikiwa bado kimiminika), anza na gramu 0.3 za nanotyubu zenye kuta nyingi. Ukizidisha, umeme unapita kirahisi hata kabla hujagusa, kwa hiyo kubonyeza hakubadilishi mengi. Ukipunguza mno, nanotyubu hazigusani na multimita haisomi kitu. Katikati pana eneo jembamba ambapo kihisi huwa chepesi kuhisi kuliko kwingine, lakini hapo hata vipande viwili vya mchanganyiko mmoja havilingani. Afadhali kiasi chako cha kaboni kizidi eneo hilo kidogo.

Pima unga ndani ya kabati la kufyonza hewa, umevaa barakoa ya FFP3 (ya kuchuja vumbi laini sana). Nanotyubu ndefu na ngumu zikifika mapafuni huweza kudhuru kwa namna ya asbesto. Zitie kwenye mililita 100 za alkoholi ya isopropili, kisha zitawanye kwa ultrasoniki ya fimbo (fimbo inayotikisa kimiminika kwa mawimbi ya sauti) kwa dakika 30, chombo kikiwa juu ya barafu. Usiendelee kwa saa nyingi ukidhani unaboresha, maana nanotyubu hukatika na kuwa fupi.

Sasa ongeza PDMS bila kigandishi, ukoroge kwenye bamba la moto la nyuzi 80 mpaka alkoholi yote iishe (ndani ya kabati bado, na pasiwe na moto wala cheche). Macho na pua hudanganya hapa. Shahidi ni mizani. Pima chombo kikiwa kitupu, na usiache kukausha mpaka uzito ubaki wa chombo, PDMS na nanotyubu tu. Alkoholi iliyosalia itageuka mvuke ndani ya oveni na kuacha matundu usiyoyataka.

Ikipoa, tia gramu 1 ya kigandishi, changanya vizuri, toa mapovu kwenye chemba ya ombwe kwa dakika 30, tandaza, kisha oka kwa nyuzi 80 saa mbili. Ikitoka bado inanata wakati uwiano ulikuwa sahihi, shuku glavu. Lateksi huwa na salfa, nayo huua kichocheo cha platini kinachogandisha silikoni. Kampaundi za amini na za bati hufanya vivyo hivyo. Vaa glavu za vinili.

Usitandaze juu ya kioo laini. Silikoni isiyo na matundu karibu haipungui ujazo ikibanwa. Hutanuka pembeni tu, hivyo utando bapa huhisi kidogo sana. Tandaza juu ya msasa wenye chembe kubwa, kisha pachika vipande viwili, nyuso zenye vinundu zikitazamana. Kila ukibonyeza, vinundu vingi zaidi vinagusana na ukinzani unashuka. Jaribu kwanza kipande kidogo, kwa kuwa gundi ya baadhi ya misasa nayo huzuia kuganda.

Kisha waya. Hapa ndipo kazi nzuri huharibikia, kwa sababu shaba haivutiki na silikoni inavutika, na nguvu yote huishia kwenye kiungo. Gusisha waya mwembamba kwa gundi ya fedha (inayopitisha umeme), ikikauka funika kiungo chote kwa PDMS tupu, halafu laza waya kwa mkunjo wa S ili uwe na nafasi ya kujinyoosha. Usomaji unaorukaruka unapotikisa waya bila kugusa kihisi hutoka kwenye kiungo, si kwenye nanotyubu.

Unganisha na rezista moja kama kigawa volteji, yaani mfululizo unaogeuza badiliko la ukinzani kuwa badiliko la volteji. Zidisha ukinzani wa kihisi kikiwa huru kwa ule wa kikibonyezwa sana, kisha tafuta kipeuo cha pili: kilo-omu 100 na kilo-omu 1 zinakupa rezista ya kilo-omu 10.

Kabla ya kupima chochote, kibonyeze mara 100 hivi, kwani mibonyezo ya mwanzo hupanga upya mtandao wa kaboni na usomaji wake haurudi tena. Jedwali la vipimo liwe na safu mbili, ya kuongeza uzito na ya kupunguza. Silikoni huchelewa kurudi, na uzito uleule utakupa namba mbili tofauti.