Daraja lililoleta makaa Lubumbashi

Swali la juma hili lilikuwa: ni daraja gani la reli lililoujenga mji wenu? Najua jirani zangu hapa Lubumbashi watataja lile la Kongolo, juu ya mto Lualaba, nami sina ugomvi nao. Langu liko nje ya nchi yetu, kwenye korongo la Zambezi, karibu kabisa na maporomoko ya Victoria, yaani Mosi-oa-Tunya, moshi unaonguruma (neno la kwanza Mswahili yeyote atalitambua).

Watalii hulipiga picha kwa uzuri wake. Sisi lilitulishia tanuru. Reli iliyotoka kusini ilifika kwetu mwaka 1910, na mwaka uliofuata shaba ikaanza kuyeyushwa hapa kwa makaa ya mawe yaliyochimbwa Wankie, leo Hwange nchini Zimbabwe, ng'ambo ya Zambezi. Makaa hayo hayakuwa na njia nyingine ya reli ya kutufikia ila juu ya daraja lile. Bila hilo, mahali hapa pengine pangebaki miombo na vichuguu kwa miaka mingi zaidi. Babu yangu mzaa mama, aliyepakua makaa kwa koleo, hakuwahi kuliona daraja lenyewe, lakini weusi uliojificha kwenye mikunjo ya viganja vyake haukutoka hata alipostaafu.

Cecil Rhodes, tajiri wa Kiingereza aliyeongoza ukoloni wa eneo hili, alitaka mabehewa yaguswe na rasharasha za maporomoko, ingawa alifariki mwaka 1902 bila kuyaona maporomoko hayo. Kwangu hayo ni matakwa ya tajiri. Kazi ya mafundi ndiyo inayonistaajabisha. Vyuma vilitengenezwa Darlington, Uingereza, vikaletwa kwa meli hadi bandari ya Beira, Msumbiji, kisha kwa reli. Tao la mita 156 hivi lilijengwa kutoka kingo zote mbili kwa pamoja, kila nusu ikining'inia juu ya korongo, ikizuiliwa na kamba za chuma zilizotiwa nanga katika mwamba, mita 128 juu ya maji. Tarehe 31 Machi 1905 nusu hizo zilipokutana, jua lilikuwa limevitanua vyuma, na kipande cha mwisho kikazidi kwa sentimita tatu hivi. Wakasubiri baridi ya usiku. Alfajiri ya 1 Aprili kikaingia mahali pake. Septemba mwaka huohuo daraja likafunguliwa.

Siasa nazo zilipita hapo: Agosti 1975 Ian Smith, kiongozi wa serikali ya Wazungu ya Rhodesia (leo Zimbabwe), na wapigania uhuru wa Zimbabwe walijadiliana ndani ya behewa lililosimamishwa katikati ya daraja, Rais Kaunda wa Zambia na Waziri Mkuu Vorster wa Afrika Kusini wakiwa wapatanishi, bila kuelewana.

Siku hizi shaba yetu husafiri zaidi kwa malori, yanayopanga foleni ndefu Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Mtaani kwetu treni imekuwa adimu kiasi kwamba ikipita, watoto huacha mpira na kuhesabu mabehewa.